Deni kwa jina la mwenza wakati wa talaka: sheria ya Uganda inavyoliangalia

Kwenye ofisi ndogo za wakopeshaji pale Busia, upande wa Uganda, mkopo wa milioni mbili au tatu hauhitaji karatasi nyingi. Nakala ya kitambulisho cha taifa, kile tunachokiita ndagamuntu. Picha mbili za pasipoti. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yenye muhuri. Halafu fomu ya mwenza: mstari wa jina, mstari wa NIN (namba ya kitambulisho hicho), mstari wa saini, na kando yake nafasi ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika. Ndoa ikiwa na amani, fomu hiyo inajazwa mezani baada ya chakula cha jioni na hakuna anayeifikiria tena. Ndoa ikishaanza kuvunjika, mstari ule wa saini unaweza kumfikisha mmoja polisi na kumbebesha mwingine deni ambalo hajawahi kuona shilingi yake.

Hali inayoleta mambo haya inajulikana. Mume na mke wameshatengana, kesi ya talaka iko mahakamani au iko njiani. Mmoja wao amebanwa: karo ya muhula, kodi ya chumba kipya, pesa ya wakili. Jina lake mwenyewe limeshachafuka CRB, kule zinakotunzwa kumbukumbu za wakopaji, au hana hati ya mshahara. Ila nakala za vitambulisho vya mwenzake bado ziko kwenye bahasha ndani ya kabati, laini ya simu ya mwenzake bado anaitumia yeye, na saini ya mwenzake ameiona kwa miaka mingi kiasi cha kuiandika bila kuangalia. Anajiambia: huyu bado ni mume wangu, watoto ni wake, deni hili atalilipa. Mwingine anakopa kwa hasira, ili anayeondoka aondoke na mzigo.

Niseme wazi kwamba wengi wanaofanya hivi si matapeli. Ni watu waliochoka na walioishiwa. Lakini sheria inauliza swali moja tu kuhusu karatasi ile: nani alitia saini, na alikuwa na ruhusa ya nani? Mengine yote yanakuja baadaye, hakimu anapofikiria adhabu.

Ndoa haichanganyi madeni

Dhana inayowaponza wengi ni hii: mkifunga ndoa, mali zinakuwa zenu wote, kwa hiyo na madeni ni yenu wote. Nchini Uganda si hivyo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 1995 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Wengi walikisoma wakadhani kina maana kwamba kila kitu ni nusu kwa nusu tangu siku ya harusi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya madai namba 10 ya 2009, ilikataa tafsiri hiyo. Ilisema mtu anaweza kuwa na mali yake binafsi hata akiwa ndani ya ndoa, na kwamba mgawo wakati wa talaka unafuata mchango wa kila mmoja, ukiwemo mchango usio wa fedha, kama vile kulea watoto na kuendesha nyumba.

Hukumu ile inazungumziwa zaidi upande wa mali, lakini msimamo wake unafika hadi kwenye madeni. Kama ndoa peke yake haikufanyi mmiliki wa kiwanja cha mwenzako, basi haikufanyi mdaiwa wa mkopo wake pia. Deni ni mkataba. Anayedaiwa ni aliyekubali, ama kwa saini yake, ama kupitia mtu aliyemtuma kweli. Na Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, kwa hiyo kwa mikopo mingi ushahidi wa kukubali ni karatasi yenyewe.

Kuna mlango mmoja mdogo ulioachwa wazi. Sheria ya zamani ya Kiingereza, ambayo Uganda iliirithi, iliruhusu mke aliyetelekezwa kuchukua vitu vya lazima kama chakula, nguo na matibabu kwa deni la mumewe. Sheria yetu ya Talaka, iliyotungwa 1904, bado ina mabaki ya fikra hiyo. Mahakama ikishawatenganisha kisheria na kuamuru mume atoe matunzo, naye asiyatoe, anaweza kuwajibika kwa vitu vya lazima alivyochukua mke. Angalieni vizuri mlango huo unaishia wapi. Ni unga, dawa na nguo za watoto kutoka kwa muuzaji anayejua anamkopesha mke. Mkopo wa fedha taslimu haumo, na kuandika jina la mume kwenye fomu ya mkopeshaji ndiyo kabisa haumo.

Saini ya kughushi

Tuchukue mfano. Mke anauza mitumba Busia, mume ni mwalimu wa shule ya msingi Tororo, wana mwaka hawalali nyumba moja. Mume anakwenda SACCO kuomba milioni tano, anamwandika mkewe kama mdhamini, anabandika picha yake ya pasipoti ya zamani na kutia saini kwa niaba yake. Au geuza: mke ndiye anayechukua mkopo wa mshahara kwa hati za mume. Kwa sheria ni jambo lile lile.

Kwanza kuna kosa la kughushi. Sheria ya Adhabu inatoa hadi miaka mitatu kwa kughushi hati ya kawaida, na anayeiwasilisha hati hiyo akijua ni ya uongo anaadhibiwa sawa na aliyeighushi. Pili, kupata fedha kwa udanganyifu, kosa lenye hadi miaka mitano. Hapo anayetajwa kama aliyedanganywa ni mkopeshaji, siyo mwenza. Watu hawalitegemei hili: hata kama mume na mke wamepatana na kusameheana, mkopeshaji bado ana malalamiko yake. Tena kesi ya jinai huendeshwa na serikali kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwenza akisema "nimeondoa malalamiko", faili halifungwi kwa neno lake peke yake.

Jambo baya kuliko yote, na ambalo ningetaka kila mtu aliye katikati ya talaka alijue, ni hati ya uwakilishi, ile karatasi inayosema "namteua mke wangu au mume wangu anisimamie katika mambo yangu". Watu wanaiona kama karatasi ndogo ya kurahisisha kazi. Sheria ya Adhabu imeiweka kundi moja na wosia na hati miliki ya ardhi: kuighushi kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha. Mahakama haitampa kila mtu adhabu hiyo, lakini anayeandika hati ya uwakilishi ya uongo ili achukue mkopo benki ameingia kwenye uzito ambao hakuukusudia.

Vipi kuhusu mwenza ambaye jina lake limetumika? Saini ambayo si yake haimfungi. Huo ndio msimamo wa sheria, na ni msimamo mzuri. Tatizo ni kwamba lazima mtu aisimamie haki hiyo yeye mwenyewe. Mkopeshaji ana karatasi yenye picha yake, NIN yake na kitu kinachofanana na saini yake. Yeye ndiye atakayelazimika kutoa sampuli za maandishi, kuomba wataalamu wa maandishi wa polisi wazilinganishe, na kueleza siku ile alikuwa wapi. Katikati ya talaka, ambapo kila upande unaushuku mwingine, maelezo yake yanaweza kuonekana kama mbinu ya kukwepa deni halali. Kwa sababu hiyo tarehe aliyoanza kulalamika ina uzito kuliko ukali wa maneno yake.

Ukimya unavyoweza kukufunga

Hapa pana kesi ya zamani ambayo inafaa kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la mume aliyegundua kwamba mkewe amekuwa akighushi saini yake kwenye hundi za Martins Bank. Mke alimwomba asiseme, naye akanyamaza kwa miezi kadhaa. Alipokuja hatimaye kuidai benki, majaji walimkatalia. Walisema alijua, alikuwa na wajibu wa kuiambia benki, na kwa kunyamaza aliinyima nafasi ya kuchukua hatua wakati bado inawezekana. Hakuweza tena kusema "saini si yangu" ili arudishiwe fedha.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Uganda, lakini misingi hii ya sheria inatumika hapa na mawakili huitegemea. Nikiifikiria familia ya kwetu naona hatari yake ilivyo kubwa. Mama mkwe anasema usimwaibishe mwenzako. Wazee wa ukoo wanasema subirini kikao. Mchungaji au shehe anaomba subira. Wote wana nia njema, na wakati huo riba inapanda na miezi inapita. Mbaya zaidi ni pale mwenza aliyeghushiwa anapolipa marejesho mawili matatu "ili mambo yatulie". Malipo hayo yanaweza kusomwa kama kukubali kwamba deni ni lake. Mtu anaweza kukubali subira ya wazee juu ya ndoa yenyewe na bado, siku hiyo hiyo, akaandika barua kwa mkopeshaji kusema saini hii si yangu. Barua hiyo haivunji ndoa. Iandikwe, mkopeshaji agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala, na nakala ihifadhiwe.

Simu: kosa lisiloonekana kama kosa

Mikopo ya simu inastahili maelezo yake, maana hapo watu huingia bila kujua. MoKash ya MTN, iliyoanza 2016, na Wewole ya Airtel hazina afisa mikopo wala fomu ya mwenza. Mkopo unafuata laini, laini inafuata kitambulisho kilichoisajili, na kinachofungua ni namba ya siri. Sasa, ni nyumba ngapi za Uganda ambazo laini ya mama ilisajiliwa kwa ndagamuntu ya baba kwa sababu siku ile ya kusajili kitambulisho chake yeye kilikuwa hakijatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho? Laini hiyo ameitumia kwa miaka kumi, biashara yake yote iko humo, wateja wake wanaijua. Akikopa humo leo, kwa macho ya mfumo aliyekopa ni mume.

Hapo pana tofauti kubwa ya kisheria kati ya watu wawili. Yule anayeitumia laini ambayo tangu mwanzo iliachwa mikononi mwake, kwa kujua kwa mwenye jina, ana hoja nzito kwamba hakumdanganya mtu. Lakini anayechukua simu ya mwenzake usiku, akafungua kwa namba ya siri anayoikumbuka, akakopa na kujitumia fedha, amegusa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kosa la udanganyifu wa kielektroniki humo lina adhabu ya hadi miaka 15. Kiasi kinaweza kuwa shilingi laki mbili tu. Sheria haikuweka kima cha chini. Na ushahidi wa simu ni rahisi kuupata kuliko ushahidi wa saini: saa, namba iliyopokea fedha, wakala alikotolea. Kughushi saini huwa kunabishaniwa, muamala wa simu haubishiwi sana.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa wanaotengana ni kwenda kwenye kituo cha huduma cha kampuni ya simu, kila mmoja asajili laini anayoitumia kwa jina lake mwenyewe, na abadilishe namba za siri za simu na benki. Wakati ndoa ni nzima hatua hii inaweza kuonekana kama kutoaminiana. Wakati wa talaka inawalinda wote wawili, hata yule ambaye angeshawishika.

Saini ya kweli, na talaka isiyoifuta

Mpaka hapa nimezungumzia saini za uongo. Ila madeni mengi yanayowasumbua watu baada ya talaka yana saini za kweli kabisa. Mke alidhamini mkopo wa bodaboda ya mume mwaka juzi. Mume alisaini kama mkopaji mwenza kwenye mkopo wa kikundi wa mke. Wanagombana, wanafika mahakamani, hakimu anaandika kwenye amri yake kwamba deni la bodaboda litalipwa na mume. Mke anarudi nyumbani akidhani amepona.

Hajapona bado. Amri ile inawafunga wawili waliokuwa mbele ya hakimu. Mkopeshaji hakuwepo, na haki yake ya kumdai mdhamini haijaguswa. Mume asipolipa, mkopeshaji atamfuata mke, mke atalipa, kisha ndipo atumie amri ya talaka kumdai mume amrudishie. Kumdai mtu aliyeshindwa kulipa benki ni kazi ya miaka. Njia ya kutoka kwenye udhamini inapitia kwa mkopeshaji mwenyewe: aandike kwamba amekuachia, au apewe mdhamini mwingine, au mkopo ulipwe kutokana na mali inayogawanywa kabla kila mtu hajaondoka na chake. Na kama udhamini ulikuwa wa kuendelea, ule unaofunika kila mkopo mpya wa mtu huyo, sheria inaruhusu kuusitisha kwa taarifa kwa mkopeshaji, kuhusu mikopo itakayochukuliwa baadaye. Ile iliyokwisha kuchukuliwa inabaki.

Hapa ndipo dhamana kama ng'ombe, gari au mashine ya kusaga inapoingia. Tangu Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya 2019, mkopeshaji anaweza kuandikisha dhamana hiyo kwenye daftari la kielektroniki linalosimamiwa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara. Daftari liko wazi kwa umma, na mtu anaweza kutafuta humo kabla ya mgawo. Nashangaa ni wenza wangapi wanagombania pikipiki ambayo tayari ina mwenyewe.

Nyumba na ardhi ya familia

Kwenye ardhi, sheria imemlinda mwenza kuliko mahali pengine popote. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inazuia kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenza. Ardhi ya familia ni hasa ile mnayoishi, ikiwemo ile mnayoishi na inayowalisha. Sheria ya Rehani ya 2009 ikaongeza mzigo upande wa mkopeshaji: anatakiwa achukue hatua za maana kujua kama mkopaji ana mke au mume, na kama ridhaa imetolewa kwa kuelewa na kwa hiari. Mahakama zimebatilisha rehani za nyumba ya ndoa zilizokosa ridhaa hiyo. Benki zimejifunza, ndiyo maana leo utaombwa kiapo cha hali ya ndoa. Na anayeapa "sijaoa" au "sijaolewa" huku ana mke au mume ameongeza kosa la kiapo cha uongo juu ya yale mengine.

Kuna mambo mawili humu ambayo talaka inayafanya yawe magumu.

La kwanza ni muda. Chini ya Sheria ya Talaka, mahakama hutoa kwanza hukumu ya awali, ambayo mawakili huiita dikrii nisi, na hukumu kamili haiwezi kufuata kabla ya miezi sita kupita. Katika miezi hiyo watu wanasherehekea, wengine wanaanza uchumba mpya, lakini bado ni mume na mke. Mume anayekwenda benki na dikrii nisi mkononi akisema "huyu si mke wangu tena, ridhaa yake haihitajiki" anakosea, na benki ikimsikiliza inakosea naye.

La pili linatia wasiwasi zaidi. Sheria ya Rehani inapozungumzia ridhaa inamtaja mwenza anayeishi kwenye nyumba hiyo ya ndoa. Mama aliyefukuzwa au aliyekimbia kipigo akarudi kwao haishi tena humo. Afisa wa benki akija kukagua nyumba atamkuta mume peke yake. Naamini mama huyo bado ana hoja nzuri mbele ya jaji, hasa akiegemea Sheria ya Ardhi, lakini hoja nzuri baada ya nyumba kupigwa mnada ni faraja ndogo. Sheria ya Ardhi imempa silaha ya mapema: anaweza kuweka kaveti kwenye hati miliki, yaani zuio linaloonyesha kwamba ardhi hiyo inahitaji ridhaa yake, na zuio hilo linadumu kadiri haki yake ya kuridhia inavyodumu. Anayehama nyumba ya ndoa apitie ofisi ya ardhi mapema iwezekanavyo.

Kwa ardhi isiyo na hati yoyote, ambayo ndiyo ya watu wengi, hakuna mahali pa kuweka kaveti. Huko wakopeshaji wengine hawaandiki hata mkataba wa mkopo. Wanaandika mkataba wa mauzo, unasainiwa na mkopaji mbele ya LC1, na akichelewa kulipa mkopeshaji anasema ameshanunua. Mwenza afanye nini? Aandike barua kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa kamati ya ardhi ya eneo, aeleze kwamba ardhi ni ya familia na hajaridhia kuuzwa wala kuwekwa dhamana, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwenyekiti aliyepokea barua hiyo atasita kutia muhuri wake kwenye mauzo.

Ulinzi huu wa ridhaa ni wa waliofunga ndoa inayotambuliwa: ya kiserikali au kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya kimila. Walioishi pamoja miaka ishirini bila ndoa hawaupati, na wanawake wengi wanaujua ukweli huo wakiwa wameshachelewa. Kwa Waislamu, talaka ina njia yake na sheria yake ya 1906, lakini kughushi saini kwenye fomu ya SACCO ni jinai ile ile kwa kila dini.

Hati ya mahakama inapofika mlangoni

Mkopeshaji anayedai kiasi kinachojulikana mara nyingi hafungui kesi ya kawaida. Anafungua madai ya muhtasari chini ya Amri ya 36 ya Kanuni za Mashauri ya Madai. Kwenye njia hii mdaiwa hana haki ya kujitetea moja kwa moja. Anapaswa kuomba ruhusa ya kujitetea, na hati ya wito humpa siku 10. Siku hizo zikipita bila ombi, hukumu inatolewa dhidi yake. Fikiria sasa barua hiyo imeachwa kwenye nyumba ambayo mdaiwa ameshaihama, mikononi mwa mwenza yule yule aliyeghushi.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wenye haki hupoteza. Anayepokea wito wa deni asilolijua asianze kwa kumpigia simu mwenza wake wagombane. Aanze kwa mwanasheria, au walau kwa karani wa mahakama aulize tarehe zake. Kiapo cha kuunga mkono ombi kieleze waziwazi kwamba saini si yake, kitaje namba ya taarifa aliyoandikisha polisi, na kiambatanishe sampuli za saini halisi kutoka hati za zamani. Kama hukumu imeshatoka, bado anaweza kuomba itenguliwe kwa kuonyesha kwamba wito haukumfikia, ila njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Madeni yasiyozidi shilingi 10,000,000 yanaweza pia kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo, ambako mawakili hawaruhusiwi kusimama na mtu anajieleza mwenyewe kwa hakimu.

Upande wa CRB, jina likishaingizwa kama mdaiwa mbaya, benki zote zinaliona. Mwenye jina ana haki ya kuomba ripoti yake na kudai irekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inampa haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi zisahihishwe. Anza na aliyezipeleka, yaani mkopeshaji. Akikataa, benki na taasisi zinazopokea akiba zinasimamiwa na Benki Kuu ya Uganda, na wakopeshaji binafsi na taasisi ndogo zinasimamiwa na UMRA, mamlaka ya mikopo midogo. Na ikiwa mkopeshaji ameshikilia ndagamuntu yako kama dhamana, hana ruhusa ya kufanya hivyo.

Mwenye shida ya fedha afanyeje

Nikirudi kwa yule aliyebanwa, ambaye hakuwa mwizi. Sheria ya Talaka inaruhusu mke kuomba matunzo wakati kesi bado inaendelea. Sheria imeweka kikomo: moja ya tano ya wastani wa mapato halisi ya mume kwa miaka mitatu iliyotangulia. Si nyingi, na kwa mume anayeficha mapato yake inachosha kuithibitisha, lakini ni amri ya mahakama na haina riba. Karo na matunzo ya watoto yanaweza kuombwa peke yake bila kusubiri talaka iamuliwe, na baba au mama yeyote anaweza kudaiwa. Wapo pia wanaokopa ili kurudisha mahari, wakiamini ndoa ya kimila haivunjiki bila hiyo. Tangu Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi la Tororo, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Deni la kusudi hilo halina sababu ya kuwepo.

Kama mkopo unahitajika kweli kwa ajili ya familia, uombwe wazi. Kanuni za Usuluhishi za 2013 zinapeleka mashauri ya madai kwa msuluhishi kabla ya kusikilizwa, na mezani pale wenza wanaweza kukubaliana mkopo wa karo uchukuliwe kwa jina la nani, nani alipe marejesho, na kiasi kipi kikatwe kwenye mgawo. Makubaliano hayo yakisainiwa na kuwasilishwa mahakamani yanakuwa amri ya mahakama. Msuluhishi aletewe orodha ya madeni yote, pamoja na yale ya aibu, maana deni linalofichuliwa na upande wa pili katikati ya kesi humfanya hakimu atilie shaka kila kitu kingine alichosema mtu huyo kuhusu mali.

Asiyemudu wakili anaweza kwenda kwa wanasheria wanawake wa FIDA-Uganda, kwenye mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, kwenye kliniki ya Law Development Centre au Justice Centres Uganda. Abebe cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila, nakala ya fomu ya mkopo inayobishaniwa, ripoti ya CRB, barua aliyomwandikia mkopeshaji yenye muhuri wa kupokelewa, na hati yoyote ya wito pamoja na bahasha yake, kwa sababu tarehe iliyoandikwa pale ndiyo ya kwanza mwanasheria atakayoitafuta.